Arianna Huffington: alichouza kilikuwa cha nani?

Vijana wenye chaneli za mtandaoni hapa Mwanza wana swali moja lisilokwisha. Mtu ana simu, maiki yenye nembo ya chaneli na stendi ya miguu mitatu. Alfajiri yuko Mwaloni Kirumba anawahoji wauza dagaa, mchana yuko mahakamani, jioni anahariri video kwenye simu hiyohiyo na kuirusha. Watazamaji wapo. Maoni yapo, mengine ya matusi. Hela ndiyo haionekani. Halafu anasikia kwamba kuna mama wa Kigiriki aliyehamia Marekani, akafungua tovuti mwaka 2005, akaiuza mwaka 2011 kwa dola milioni 315, na kwamba maelfu ya watu waliomwandikia hawakulipwa hata senti moja. Sasa huyu mama aliuza nini hasa? Na kilikuwa cha nani?

Majibu yanayozunguka ni mawili. La kwanza ni la semina za ujasiriamali: msichana wa kawaida, lafudhi nzito, milango kufungwa, bidii, utajiri. La pili ni la watetezi wa wafanyakazi: mnyonyaji aliyekula jasho la wenzake. Mimi sishiki lolote. La kwanza linaruka miaka zaidi ya thelathini aliyoitumia kujuana na watu wazito. La pili linadhani makala za bure ndizo zilizonunuliwa, na hesabu hazisemi hivyo.

Tuanze na mtu mwenyewe.

Alizaliwa Athens Julai 1950, akaitwa Ariadne-Anna Stasinopoulou. Baba yake, Konstantinos, alikuwa mwanahabari. Wajerumani walipoikalia Ugiriki katika Vita Kuu ya Pili alishiriki kutoa gazeti la siri, akakamatwa na kupelekwa kwenye kambi ya mateso. Alitoka hai, akaendelea na kazi ya magazeti, ambayo haikumtajirisha. Ndoa yake na Elli, mama wa Arianna, ilivunjika watoto wakiwa bado wadogo, na mama huyo ndiye aliyewalea mabinti wawili kwa kubanabana. Arianna mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba aliona picha ya Chuo Kikuu cha Cambridge kwenye gazeti na kusema anataka kusoma pale. Watu wakamcheka, mama yake akatafuta tiketi ya bei nafuu wakaenda kukiona kwanza. Kuna wazazi wengi Sengerema na Ukerewe wanaouza ng'ombe ili mtoto aende chuo wasichokijua; hii ni hadithi ya jamii hiyo.

Alipata nafasi Girton, mojawapo ya vyuo vya Cambridge, akasoma uchumi. Lakini shule iliyomjenga hasa ilikuwa chama cha midahalo cha wanafunzi, Cambridge Union, ambako mawaziri na mabalozi huja kubishana na vijana wa miaka ishirini. Wanawake walikuwa wamekubaliwa kuwa wanachama kamili miaka ya 1960 tu. Mwaka 1971 Arianna alichaguliwa kuwa rais wa chama hicho, mwanamke wa tatu kushika kiti, na wa kwanza kati yao aliyetoka nje ya Uingereza. Wenzake walikuwa wanaiga lafudhi yake na kumcheka. Yeye akawa anaketi mbele kila mdahalo, anasikiliza, anasimama, anakosea, anarudi tena wiki inayofuata.

Kiti kile kilimpa kitu ambacho orodha za mafanikio huwa hazikihesabu: kazi yake ilikuwa kuwaalika watu maarufu, kuwapokea, kuwakalisha, na kuwafanya waone kwamba jioni yao haikupotea. Miaka thelathini na minne baadaye angefungua tovuti kwa ujuzi huohuo.

Kutoka hapo mambo yanakwenda mbio na sina haja ya kukaa sana. Mwaka 1973 alitoa kitabu cha kupinga mkondo wa wapigania haki za wanawake wa wakati huo, kikauzwa sana. Alikuwa na uhusiano mrefu na Bernard Levin, mwandishi wa safu wa gazeti la The Times, aliyemzidi miaka 22 na asiyetaka ndoa wala watoto. Kitabu chake cha pili, cha siasa, kilikataliwa na wachapishaji 36 kwa hesabu yake mwenyewe. Mwaka 1980 akafunga mizigo akahamia New York. Uhamiaji wa pili huo, na safari hii hakwenda kama mwanafunzi.

Mwaka 1981 alitoa wasifu wa mwimbaji Maria Callas, Mgiriki mwenzake. Ulipata wasomaji wengi. Pia mwandishi mwingine aliyekuwa ameandika juu ya Callas alilalamika kwamba kazi yake imenakiliwa, wakamalizana nje ya mahakama. Nalitaja hili kwa sababu swali la kazi ni ya nani lilianza kumfuata mapema, kabla intaneti haijafika nyumbani kwa mtu yeyote.

Mwaka 1986 aliolewa na Michael Huffington, mtoto wa familia yenye utajiri wa mafuta na gesi Texas. Mwaka 1990 akawa raia wa Marekani. Mumewe aliingia Bungeni kwa uchaguzi wa mwaka 1992, na mwaka 1994 akagombea useneta wa California kwa chama cha Republican, akimwaga takriban dola milioni 28, nyingi zikiwa zake mwenyewe. Alishindwa na Dianne Feinstein wa chama cha Democratic kwa tofauti ndogo ya kura.

Kampeni ile ina kipande kinachoeleza mengi. California ilikuwa inapigia kura pendekezo nambari 187, la kuwanyima wahamiaji wasio na vibali huduma za umma, zikiwemo shule. Michael Huffington alilitangazia uungaji mkono. Siku chache baadaye ikabainika kwamba nyumbani kwake, kwa miaka kadhaa, mlezi wa watoto alikuwa mhamiaji asiye na vibali. Kwa hiyo chini ya paa moja waliishi wahamiaji wawili. Mmoja aliingia nchini akiwa na shahada ya Cambridge, kitabu kilichouzwa na marafiki magazetini. Mwingine aliingia kulea. Anayesema "mhamiaji aliyefanikiwa" aseme pia ni mhamiaji wa mlango upi.

Ndoa ilivunjika mwaka 1997. Katika miaka hiyo Arianna alijulikana kama mchambuzi wa mrengo wa kulia kwenye televisheni. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa ameshahamia mrengo wa kushoto. Huku kwetu tungesema ameunga mkono juhudi, tofauti ni kwamba hakupewa cheo. Mwaka 2003 aligombea ugavana wa California kama mgombea huru, akajitoa wiki moja kabla ya kura, na Arnold Schwarzenegger akashinda. Waliokuwa wakimfuatilia walidhani amemalizika.

Hesabu alichokuwa nacho mwaka 2004: hakuwa na gazeti, hakuwa na cheo, alikuwa na vitabu karibu kumi. Na alikuwa na namba za simu. Wahafidhina wa Washington walimfahamu tangu enzi za mumewe, waigizaji wa Los Angeles walikuja kula kwake, wachapishaji wa New York na wanasafu wa London walikuwa marafiki wa zamani. Hao wote, ukiwapigia, wangepokea.

Mtaji huo ndio uliowekwa mezani.

Mashine ilivyofanya kazi

Tovuti ya The Huffington Post ilifunguliwa tarehe 9 Mei 2005. Haikuwa ya mtu mmoja. Kenneth Lerer, aliyekuwa mkubwa wa mawasiliano katika kampuni ya intaneti ya AOL, alikuwa mfanyabiashara wa timu. Jonah Peretti alikuwa kijana aliyechunguza kwa nini watu wanatumiana vitu mtandaoni. Baadaye angeanzisha tovuti ya BuzzFeed. Andrew Breitbart alisaidia mwanzoni, kisha akaenda kujenga tovuti yake ya mrengo wa kulia kabisa. Fedha za kuanzia zilikuwa kiasi cha dola milioni moja. Wawekezaji wakaongeza: SoftBank milioni 5 mwaka 2006, Oak Investment Partners milioni 25 mwaka 2008. Mtu anayekwambia "alianza na wazo tu" amesahau sentensi mbili hizo.

Kulikuwa na kazi tatu zilizokwenda pamoja, na kuzichanganya ndiko kunakoleta mabishano.

Kazi ya kwanza ilikuwa blogu za watu wenye majina. Arianna alipiga simu: andika unachotaka, hakuna mhariri atakayekukatakata, hakuna malipo. Larry David, mchekeshaji wa televisheni, aliandika siku za mwanzo. Vilevile mwigizaji John Cusack na mwandishi wa filamu Nora Ephron. Majina hayo yaliwafanya magazeti yote kuandika habari za tovuti mpya. Tangazo la bure. Baada ya majina makubwa wakaja maprofesa, madaktari, wanaharakati, waandishi wenye kitabu kipya, na mwisho watu wa kawaida, hadi waliotajwa kwenye kesi ya baadaye wakafikia kama 9,000.

Kazi ya pili ilikuwa kukusanya habari za wengine. Vijana wa chumba cha habari walisoma gazeti fulani asubuhi, wakafupisha habari kwa aya mbili tatu, wakaweka kichwa kikali zaidi na kiungo cha kwenda kwenye habari yenyewe. Wengi walisoma aya hizo wakatosheka. Magazeti yaliyotuma mwandishi, yakamlipia nauli na hoteli, yaliona muhtasari wa habari yao unasomwa kuliko habari yao. Ukitazama chaneli zetu utaona jambo hilohilo: mmoja alikuwa Ukara siku MV Nyerere ilipozama Septemba 2018, kumi wakachukua picha zake na kuweka sauti juu.

Kazi ya tatu ndiyo ambayo haisimuliwi kwenye semina, kwa kuwa haina mvuto wa hadithi. Ni hesabu. Chumba cha habari kilikuwa na skrini zilizoonyesha kila dakika watu wanabofya nini. Habari moja iliandikiwa vichwa viwili. Wasomaji wengine wakaonyeshwa hiki, wengine kile. Baada ya dakika kama tano kilichobofywa zaidi kikabaki na kingine kikafutwa. Pia waliangalia watu wanaandika nini kwenye Google. Mfano unaokumbukwa mpaka leo ni wa Februari 2011, siku za fainali ya mpira wa Kimarekani, Super Bowl. Wamarekani wengi walikuwa wanauliza Google fainali inaanza saa ngapi. Huffington Post wakaandika makala ambayo kichwa chake kilikuwa swali hilohilo, na ndani yake kulikuwa na saa, chaneli na mengine machache. Waandishi wa zamani walicheka. Wenye matangazo hawakucheka, maana tangazo la mtandaoni huuzwa kwa kila mara elfu linapoonekana, na tangazo halijui kama makala ni nzuri.

Wavuvi wa sangara huku ziwani wangelielewa jambo hili kuliko sisi wanahabari. Samaki ni wa mvuvi. Mtumbwi huenda ukawa wake. Barafu ni ya wakala. Sangara aliyekaa juani hana bei kwenye kiwanda cha minofu, kwa hiyo mwenye barafu, ambaye mara nyingi ndiye pia aliyekopesha nyavu na petroli, ndiye anayesema leo kilo inakwenda kiasi gani. Tovuti ya Huffington ilikuwa barafu. Makala ya profesa ingebaki kwenye blogu yake isomwe na ndugu na wanafunzi. Ikiwekwa pale ilikaa jirani na jina la mwigizaji, kwenye anwani ambayo Google iliipa uzito, chini ya kichwa kilichopimwa. Thamani iliongezeka humo, na humo mlikuwa na mwenyewe.

Ila tusiubebe mfano huo mbali mno. Mvuvi anaishi kwa samaki wake. Wengi wa walioandika bure hawakuishi kwa maandishi: daktari alipata wagonjwa, mwanasiasa alipata kura, mwenye kitabu aliuza kitabu. Walilipwa, lakini kwingine. Aliyeumia ni yule ambaye kuandika ndiyo kazi yake, mwandishi wa kujitegemea aliyezoea kulipwa kwa makala, na sasa mhariri wa gazeti fulani anamwambia kuna watu wenye shahada mbili wanaandika bure. Mwandishi wa mkoani anayelipwa kwa habari iliyotoka, siyo kwa habari aliyoituma, anaijua hali hiyo bila kusoma chochote kuhusu Marekani.

Siku ya kuuza

Februari 2011 AOL ilitangaza kuinunua tovuti kwa dola milioni 315, karibu zote taslimu. Mapato ya mwaka uliotangulia yalikuwa kiasi cha dola milioni 30, kwa hiyo bei ilikuwa takriban mara kumi ya mapato. Wageni wa kila mwezi walikadiriwa milioni 25. AOL, kampuni iliyotajirika kwa kuwaunganisha Wamarekani na intaneti kwa njia ya simu ya mezani, ilikuwa inakufa polepole na ilihitaji wasomaji na kiongozi. Arianna alipewa uhariri mkuu wa vyombo vyote vya habari vya AOL.

Waandishi wa bure wakakasirika. Baadhi wakagoma. Aprili 2011 Jonathan Tasini, mwanaharakati wa wafanyakazi aliyekuwa ameandika pale, alifungua kesi kwa niaba ya wenzake akidai dola milioni 105, theluthi ya bei. Hoja yake ilikuwa rahisi: sisi ndio tuliotengeneza thamani, basi tugawiwe.

Machi 2012 jaji wa shirikisho New York aliitupa kesi. Alichosema, kwa maneno yangu, ni kwamba walijua tangu mwanzo hawalipwi, wakaendelea, na kile walichoahidiwa, yaani kuonekana, walikipata. Kukasirika baada ya mauzo hakubadilishi makubaliano. Mahakama ya rufaa ikakubaliana naye kabla mwaka haujaisha. Kisheria naona hukumu ilikuwa sawa. Kibinadamu, kuna tofauti kati ya kujitolea kwenye jambo linaloonekana kama la wote na kugundua kwamba lilikuwa duka. Tovuti ilijitangaza kama sauti ya watu dhidi ya utawala wa George W. Bush. Watu waliandika kwa ajili ya hilo. Hakuna aliyewadanganya kuhusu malipo, lakini hakuna pia aliyesimama kuwaambia kwamba siku moja itauzwa.

Mwanatakwimu Nate Silver alikuwa amepiga hesabu siku chache baada ya mauzo kutangazwa. Aliangalia ni makala zipi zinaleta wasomaji, akaona wengi walivutwa na habari za wafanyakazi wa kulipwa na muhtasari wa habari za wengine. Makala ya kawaida ya bure iliingiza dola chache tu. Ukigawa haki, wengi wangeondoka na hela ya chipsi mayai. Ndiyo maana nilisema jibu la pili limekosea mahali: makala za bure hazikununuliwa kwa dola milioni 315. Zilifanya kazi yao mwaka 2005 na 2006, ya kuipa tovuti jina. Kilichonunuliwa mwaka 2011 ni jina hilo, chumba cha habari, mfumo wa vichwa na utafutaji, na Arianna mwenyewe.

Na kwa haki, chumba kile kilikuwa kinakua. Mwaka 2012 mwandishi wao David Wood alishinda tuzo ya Pulitzer kwa mfululizo juu ya askari waliojeruhiwa vibaya Iraq na Afghanistan. Alikuwa mwajiriwa. Kazi ya namna hiyo, ya miezi, haiandikwi na mtu wa kujitolea baada ya saa za ofisi.

Kwa nini haihamishiki kirahisi

Turudi kwa kijana wa Kirumba anayetaka kufanya hivyohivyo kwa Kiswahili.

Kwanza kuna bei ya tangazo. Msomaji wa Chicago anauzwa kwa mtangazaji ghali zaidi kuliko msomaji wa Buzuruga, kwa sababu anayetangaza anahesabu mfuko wa msomaji. Chaneli yenye watazamaji wengi wa hapa inaweza kuingiza kidogo kuliko chaneli ndogo yenye watazamaji wa Ulaya. Ndiyo maana chaneli zetu zinaishi kwa matangazo ya papo kwa papo: uzinduzi wa duka, harusi, mganga, mkutano wa injili, na bahasha ambayo sote tunaijua na hatuiandiki.

Jambo la pili ni sheria, na hili ndilo naliona kubwa. Kifungu cha 230 cha sheria ya mawasiliano ya Marekani ya mwaka 1996 kinasema, kwa ufupi, kwamba mwenye tovuti hahesabiwi kuwa ndiye aliyesema yale yaliyoandikwa na mtu mwingine. Bila kinga ya namna hiyo, hakuna mwanasheria ambaye angemruhusu Arianna kufungulia milango watu 9,000 wasiohaririwa. Kwetu mambo yako kinyume. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mtoa maudhui awe na leseni ya TCRA, mamlaka ya serikali ya mawasiliano, kwa ada zilizofika shilingi milioni 2.1 mwaka wa kwanza, na zikaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12 kwa anayekiuka. Ada zilikuja kupunguzwa. Wajibu haukupunguzwa: kilichowekwa kwenye jukwaa lako ni mzigo wako, na ukiambiwa ukiondoe, unapewa muda mfupi.

JamiiForums ndiyo iliyokaribia zaidi jambo hili nchini, watu wengi wakiandika bure mahali pamoja. Desemba 2016 mwanzilishi mwenza wake, Maxence Melo, alikamatwa, na miongoni mwa mashtaka yaliyofuata lilikuwamo la kutotoa kwa polisi taarifa za wanachama wake. Juni 2018, kanuni mpya zilipoanza kubana, tovuti ilizimwa kwa muda. Yaani kule Marekani mwenye jukwaa alibeba faida na sheria ikambebea sehemu ya hatari. Hapa mwenye jukwaa hubeba hatari kwanza, faida ataiona baadaye kama ipo. Ndiyo sababu chaneli nyingi za Mwanza ni za mtu mmoja na binamu yake anayeshika kamera. Kufungulia wageni mlango ni kujitafutia kesi.

Kama Arianna angehamia hapa badala ya New York angekutana na mengine. Kibali cha ukaazi, kibali cha kazi, na kwenye magazeti na utangazaji, matakwa kwamba Watanzania washike hisa nyingi. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwandishi awe na ithibati, na ithibati inadai elimu ya uandishi wa habari. Shahada yake ya uchumi ingemrudisha darasani, pengine chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe, akae na watoto wa miaka ishirini. Sisemi hili kwa kejeli tu. Sheria zinazolinda soko dhidi ya mgeni mwenye pesa ndizo hizohizo zinazomkuta mama wa Kirundi au Mkongomani anayejua Kiswahili, Kifaransa na lugha ya kwao, ambaye angeweza kuendesha kipindi cha wahamiaji wa mwambao huu wote, na hana mume wa mafuta.

Kuhusu wanaotuma video bure, msimamo wangu kwa wenye chaneli ni mdogo na wa vitendo. Aliyekuletea tukio lililokuletea watazamaji mrushie kitu kwa simu, siku hiyohiyo, na umtaje jina kwenye video kama anataka. Na mwandikiane hata kwa ujumbe mfupi: umenipa ruhusa ya kuitumia, au umeniuzia? Wanablogu wa Huffington walikuwa na ruhusa ya kuchapisha makala zao kwingine pia, hawakuwa wameziuza. Wengi waligundua tofauti hiyo wakiwa tayari na hasira.

Arianna mwenyewe hakudumu pale. Mwaka 2007 alikuwa ameanguka mezani kwake kwa uchovu na kuvunjika mfupa wa shavu, na kadiri miaka ilivyokwenda alizungumza zaidi juu ya usingizi kuliko juu ya habari. Verizon iliinunua AOL mwaka 2015 kwa dola bilioni 4.4, na tovuti ikawa kipande kidogo ndani ya kampuni ya simu. Agosti 2016 akatangaza kuondoka. Januari 2018 waliobaki walifunga mlango wa waandishi wa bure Marekani. Mhariri mkuu mpya, Lydia Polgreen, aliona kwamba kwenye zama za uzushi mtandaoni, jukwaa lisilochujwa limekuwa mzigo.

Novemba 2020 ikatangazwa kwamba BuzzFeed inaichukua HuffPost kutoka kwa Verizon. Jonah Peretti, kijana wa vichwa na mibofyo, akawa mmiliki wa tovuti aliyosaidia kuianzisha. Mkataba ulikamilika Februari 2021. Machi ya mwaka huohuo akapunguza wafanyakazi 47 wa Marekani na kufunga toleo la Canada. Wakati huo Arianna Huffington alikuwa kwenye kampuni yake ya Thrive Global, akiyauzia makampuni mafunzo ya namna ya kuwapumzisha wafanyakazi.